Mwenye Mbuzi Alikuwa Ananitazama Mimi

Juzi niliitwa kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa binti yangu, hapa Moshi mjini. Walimleta mshauri nasaha, kijana mmoja nadhifu, akatueleza nadharia za makuzi ya vijana balehe. Wapo wanaosema ni kipindi cha dhoruba, wapo wanaosema ni kipindi cha kujitafuta, na wapo wanaosema mtoto wa umri ule hujiona yuko jukwaani, anadhani dunia nzima imekaa inamtazama yeye. "Kwa hiyo mwanao akikwambia mama, watu wananiangalia, usishtuke," alisema. "Ni umri tu. Utapita." Ukumbi mzima ukacheka. Mimi sikucheka. Dirishani ilikuwa inaingia harufu ya beberu, nadhani jirani wa shule anafuga, na harufu ya beberu ikinikuta mahali wanapouzungumzia umri huo, macho yangu yanatafuta mlango uko wapi.

Nilikulia Mwika, kwa bibi mzaa mama, kwenye kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba ndani, kilichobanana migomba na kahawa hata mchana jikoni mnawasha taa. Mama alikuwa ameolewa Dodoma na mtu asiyekuwa baba yangu, ana watoto wengine huko. Nikimuuliza bibi habari za baba, ananiambia, "Muulize mama yako." Nikimuuliza mama kwenye simu, anasema, "Muulize bibi yako." Nikaacha kuuliza, nikaanza kusikiliza. Nyinyi wa rika langu mnajua, sisi tulilelewa kwa kufukuzwa: wakubwa wakizungumza, toka nje, nenda kachote maji, nenda kaangalie kama kuku wametaga. Basi ukitoka unaenda polepole, huku sikio umeliacha jikoni.

Nilipoingia darasa la saba, mama mdogo alikuja kukaa nasi. Huyu ni mdogo wake mama, alikuwa anasomea ualimu chuo kikuu, na mazoezi ya kufundisha alipangiwa sekondari ya jirani. Alikuja na begi la nguo na sanduku la vitabu vya saikolojia, na kwa bahati yangu mbaya, mtoto pekee wa umri unaosomewa pale nyumbani nilikuwa mimi. Nikinuna, ni hatua. Nikicheka sana, ni hatua. Nikikataa gauni la mtumba alilonichagulia, ananitazama kwa upole wa daktari.

"Uko kwenye kipindi cha kujitafuta," ananiambia.

"Mimi sijapotea."

"Hata hilo jibu nililitegemea," anasema, tena kwa furaha!

Bibi naye alikuwa na nadharia yake, hakuisomea popote. Aliniambia mtoto wa umri wangu ni sawa na ndizi iliyoanza kubadilika rangi: kwenye supu ya mtori haifai tena, kwenye pombe ya mbege haijafika. "Ndizi ya namna hiyo," alisema, "unaiweka darini, unanyamaza." Kunyamaza ndiko alikoniwekea mwaka ule wote. Bibi aliyekuwa anaongea na mimi tangu kuamka mpaka kusali, ghafla akawa mtu wa "ee" na "sijui" na "kalale". Na mimi, kadiri walivyonyamaza, ndivyo nilivyozidi kuwashuku.

Halafu akaja mbuzi. Kwetu ni jambo la kawaida mtu kumweka mnyama wake kwa mwenzake amnenepeshe, siku ya kuchinja aliyelisha naye anapata fungu lake. Kwa hiyo alipofika mwanamume mmoja na beberu mwekundu nyuma ya pikipiki, amefungwa miguu na kutiwa kwenye kiroba kichwa kikiwa nje, sikuona ajabu. Bibi alisema, "Huyu ni wa mtu wa Mkuu, tutamtunzia. Wewe ndiye utakayemkatia majani." Mkuu ni kule Rombo. Hapo ndipo niliposhtuka kidogo. Toka Mkuu mpaka Mwika kuna vihamba vingapi vyenye majani, na kuna mabibi wangapi wenye banda? Mtu wa Rombo anavukaje wote hao na mbuzi wake mpaka kwetu? Nilimuuliza bibi. Akaniambia niende kuangalia kama kuku wametaga.

Mwenye mbuzi, yule yule wa pikipiki, akawa anakuja kila baada ya siku kadhaa, hasa siku za soko. Alikuwa mtu mwembamba, mweupe wa meno, shati limepigwa pasi, viatu anavipangusa kwa jani la mgomba kabla ya kukaa. Anakaribishwa chai. Anapita bandani, anamgusa mbuzi mgongoni, "anaendelea vizuri", kisha anarudi kukaa kwenye benchi chini ya upenu. Na akishakaa, macho yake yananifuata. Nikienda kisimani, yapo. Nikiinama kuosha sufuria, yapo. Siku moja nimetoka kukata majani, miguu imejaa udongo, nikawa ninaiosha kwenye beseni, nikainua uso: jamani, mtu ameshika kikombe hewani, chai haijui iende wapi, anatazama miguu yangu! Nilihisi ngozi inanisisimka mpaka utosini. Nikaimwagia maji haraka, nikaingia ndani nikakaa kwenye kitanda cha bibi mpaka nikasikia pikipiki inaondoka.

Nilianza kupanga mambo kichwani. Kwanza nilidhani anataka kihamba, kwamba bibi anauza kidogo kidogo kwa siri. Nikaona hapana, angekuwa anatazama mipaka. Kisha nikadhani anamtaka mama mdogo, lakini mama mdogo akipita mbele yake amejipaka mafuta anang'aa, hata shingo haigeuzi. Nikabaki na la mwisho, nalo ndilo lililoninyima usingizi. Rafiki yangu wa nyumba ya chini alimaliza darasa la saba, akaja mtu na sukari na khanga, wiki haikupita binti kapelekwa kwa watu kulea watoto, na mpaka leo yuko huko. Na kwetu sukari ilishaanza kuja. Khanga ilishakuja. Mwenye mbuzi alikuwa ananinunua, na bibi yangu, bibi huyu huyu aliyenilalisha kifuani, alikuwa anakubali. Niliona wazi kabisa: nikishapata kipaimara mwisho wa mwaka, mimi sina tena nyumba Mwika.

Nikamwendea mama mdogo. Alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Nikamwambia, "Mama mdogo, yule mtu haji kuangalia mbuzi. Ananiangalia mimi."

Hakushtuka. Ndilo jambo nililoliona kwanza, kwamba hakushtuka hata kidogo. Alifunika kalamu, akanikalisha karibu yake. "Sikiliza, mwanangu. Kwa umri wako akili inafanya hivyo. Unajiona kama kuna watazamaji wamekuzunguka. Tumesoma hilo darasani, watoto wote wa umri wako wako hivyo, hata mimi nilikuwa hivyo. Kanisani huwa unadhani watu wanakutazama, si kweli?"

Ni kweli. Nilikuwa na chunusi moja puani, na nilikuwa na hakika kwamba mchungaji mwenyewe anahubiri huku anaitazama. Nikajishika pua.

"Haya, umeona?" akasema. "Ni umri."

Nawaambia ukweli, karibu nimwamini. Hiki ndicho kinachonikera kwa nadharia mpaka leo, na sisemi kwamba ni uongo. Ni kweli kwa sehemu kubwa, ndiyo maana inafaa sana kumfungia mtoto mdomo. Nilikaa siku nyingi najisuta. Nikimwona mwenye mbuzi ananitazama, najiambia, ni akili yako, hana habari na wewe. Lakini macho yalikuwa palepale, na ngozi yangu ilikuwa haijasoma kitabu. Mwisho nikakata shauri: kama haji kwa ajili yangu, basi atamtafuta mbuzi wake.

Siku ya soko iliyofuata, nilimtoa beberu asubuhi nikampeleka chini kabisa ya kihamba, ng'ambo ya mfereji, nikamfunga kwenye mgomba na majani ya kutosha ili asipige kelele. Nikarudi nikauacha mlango wa banda wazi, umeegemezwa ukutani, ndani hakuna kitu ila samadi. Kisha nikasogeza benchi. Ukikaa hapo, banda tupu liko mbele ya pua yako, hata kipofu angelinusa.

Akaja. Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, mama, hujambo?" akapangusa viatu, akakaa. Mimi nikaanza kumenya ndizi za mtori mbele yake, peku. Bibi akaleta chai. Akanywa. Akaniuliza masomo. Akaniuliza kama nakula vizuri. Akaniuliza kama viatu vya shule vinanibana, na alipouliza hilo aliinama kidogo, akatazama miguu. Chai ikaisha, ikaongezwa, ikaisha. Banda liko wazi linamtazama, yeye hana habari. Nikamenya bila kutazama kisu mpaka nikajikata kidole.

"Baba," nikamwambia, maana kwetu mtu mzima yeyote ni baba, "mbuzi wako anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, nimemwona."

"Umemwonea wapi?"

Hapo ndipo alipoinua macho kuelekea bandani. Bibi naye akatazama. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Nikamgeukia yeye, kwa sababu ndiye niliyekuwa na hasira naye zaidi. "Mama mdogo, sema sasa. Nani anadhani? Ni akili yangu tu, au ananitazama kweli? Niambieni, mnaniuza kwa nani?"

"Uwiii!" bibi akashika kichwa. "Kuuza? Nani amekwambia habari ya kuuza?"

"Hakuna aliyeniambia! Hapa kuna mtu anayeniambia kitu?"

Nilipiga kelele mpaka jirani akakohoa ng'ambo ya migomba, kile kikohozi cha kusema nasikia, endeleeni. Bibi akakaa chini. Akamtazama yule mtu, yule mtu akatazama viatu vyake, na mama mdogo akaanza kulia kabla hata hajasemeshwa. Basi ikabidi bibi aseme. Kwamba yule ni baba yangu. Kwamba alimpa mama yangu mimba akakana, akaenda zake, na sasa amerudi na mke na nyumba, anataka anikomboe kwa desturi, mbuzi na mbege mbele ya wazee, ili siku ya kipaimara niitwe kwa ukoo wake, kisha nikakae Mkuu. Mbuzi niliyekuwa namkatia majani alikuwa wa kunikomboa mimi. Na mama mdogo alijua tangu siku ya kwanza, ila alimwambia bibi kwamba kitaalamu mtoto wa hatua yangu akiambiwa jambo zito kama hilo anayumba, ni bora asubiriwe mpaka baada ya kipaimara.

"Nilikuwa nakulinda," mama mdogo alisema.

"Ulinifanya nijione nina wazimu," nikamjibu.

Nilimgeukia yule mtu. Sikujua nimwiteje, nikaliacha lile jina la baba. "Miguu yangu ina nini?"

Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Kidole cha pili. Kwetu wote, toka kwa babu, kidole cha pili kimepita dole gumba. Na wewe unacho. Nilikiona siku ile unanawa, moyo ukatulia."

"Na kama nisingekuwa nacho?"

Nadhani hakuliona shimo. Alikuwa mfanyabiashara, amezoea kusema bei. "Basi ningemchukua mbuzi wangu," alisema. "Mtu hawezi kukomboa mtoto wa mwenzake."

Bibi alikuwa ameshika birika. Aliliweka chini polepole. "Kumbe," alisema. "Mimi ulinambia mbuzi aje mapema ili uzoeane na mtoto. Kumbe ulikuwa unamkagua."

"Mama, usichukulie hivyo..."

"Ungesema tu nimfungue mdomo uangalie meno, kama mnavyofanya mnadani!" Bibi alisimama, sijawahi kumwona ana urefu ule. "Wewe ndiye uliyemkana binti yangu. Leo unakuja kututilia shaka sisi? Mjukuu wangu, kamlete mbuzi wa watu."

Nilikimbia mpaka mfereji. Beberu alifungwa miguu vilevile, akatiwa kwenye kiroba vilevile, sasa ana uzito kweli. Yule mtu aliondoka bila kuaga, ila alipowasha pikipiki alisema, "Damu ni damu, atanitafuta." Miaka mingi baadaye tulikutana, mikono mitupu wote wawili, tukasalimiana kama watu wazima, yakaisha. Lakini siku ile nilikuwa nashangilia. Nilidhani nimeshinda, nimebaki kwetu.

Bibi hakushangilia. Alikaa jikoni, akanivuta karibu na moto. "Umefurahi?" akaniuliza. "Sasa nisikilize. Kihamba hiki ni cha mjomba wako, yeye ndiye mtoto wa kiume wa mwisho, ndiyo sheria yetu. Wewe ni mtoto wa binti. Nikiwa hai hakuna wa kukugusa. Nikifa, mjomba na mke wake wakija hapa wakakuuliza, wewe uko hapa kama nani, utawajibu nini? Nilikuwa nakutafutia ukoo, mwanangu. Hata mtu akifa lazima azikwe mahali."

Sikuwa nimewahi kulifikiria. Nilitazama kuta za jiko lile, nyeusi kwa moshi, nikaona kila kitu kimeandikwa jina la mtu mwingine. Nilimwambia, "Bibi, mimi kuzikwa sijui. Mimi nataka kukaa." Akalia. Nikalia. Mama mdogo, ambaye alikuwa anaogopa kuingia, akaingia akalia pia, kisha yeye ndiye aliyefanya jambo la maana kuliko sote: alitoa simu akampigia kaka yake Dar es Salaam, akaweka sauti kubwa, akampa bibi.

Bibi hakuzunguka. "Nikifa, huyu mtoto utamfukuza?"

Upande wa pili kulikuwa na honi za magari tu. Mjomba alikuwa na duka la spea huko. Mwisho akasema, "Mama, hayo si ya kwenye simu. Tutaongea Krismasi."

Tutaongea Krismasi! Mchaga asiyetaka kujibu jambo hulipeleka Krismasi. Nilipata kipaimara changu nikaitwa kwa jina la babu mzaa mama, nikapewa kuku na vitenge, na wakati wote nilikuwa nahesabu kwamba mjomba anakuja. Alikuja na gari, mke, watoto, na rafiki yake mmoja mwenye miwani ya jua ambaye hatukuambiwa ni nani. Nyama ikaliwa, mbege ikanywewa, utani ukapigwa. La kwangu hakuligusa. Asubuhi anatembea na yule rafiki ndani ya kihamba, wanaonyeshana kwa vidole, wanasimama, wanapiga hatua. Mimi na bibi tunachungulia dirishani, pua mbili kwenye pazia moja.

"Anauza," nikasema.

"Anauza," bibi akasema. "Ee Ruwa, Mungu wangu, nimezaa nini?"

Mama mdogo, ambaye alikuwa amerudi kwa sikukuu, alitaka kusema kitu. Alituangalia, akafunga mdomo, akaja naye kuchungulia.

Siku moja kabla hawajaondoka, mjomba aliniita kwa jina langu kwa sauti ya ukali, akiwa na panga mkononi. Nilitoka. Chini, karibu na mfereji, walikuwa wamesimama mzee mkubwa wa ukoo, jirani yetu yule wa kikohozi, na yule rafiki wa miwani, ambaye kumbe alikuwa fundi ujenzi, ameletwa kusema kibanda kinaweza kukaa wapi. Mjomba alikuwa amekata vijiti vya masale. Masale ni mmea wetu wa mpakani, na ukishapandwa mbele ya wazee, anayeung'oa anatafuta laana. Alinipa kijiti cha kwanza mkononi.

"Sipendi kuulizwa kwenye simu kama mimi ni mtu mbaya," alisema, na alikuwa amekasirika kweli, sauti inakwaruza. "Toka mti huu wa kahawa mpaka kule kwenye maji. Si kubwa. Panda mwenyewe, wazee wakuone." Nikapanda. Vingine nikavisimika upande, mzee akavinyoosha kwa fimbo yake. Hakuna aliyetoa hotuba. Mjomba alifuta panga kwenye nyasi akaenda kuangalia gari.

Kulipopambazuka, kabla hawajaamka, nilitoka kimyakimya kwenda kuangalia kama havijang'olewa. Nilikuwa namshukuru mjomba kwa moyo wangu wote, na nilikuwa simwamini hata kidogo. Umande ulikuwa mwingi, nikakunja gauni mpaka magotini. Nilipofika kwenye mti wa kahawa nikaona mtu ameinama, anavishika vile vijiti kimoja kimoja, anavitikisa taratibu kuona kama vimeshika udongo. Alikuwa bibi, na khanga yake ya kulalia.

"Unafanya nini hapa?" akaniuliza, kwa ukali wa mtu aliyefumaniwa.

"Na wewe?"

"Mimi nimekuja kukata majani," alisema, na hakuwa na mundu.